Kadi ya Baba

Baba alipofariki nililipa shilingi 6,300 ili kanisa limzike. Hiyo haikuwa pesa ya jeneza wala ya gari. Hayo yalikuwa na mchango wake. Hizi 6,300 zilikuwa malimbikizo ya kadi.

Kama hukulelewa kwenye makanisa yetu ya Eastlands huenda hujui kadi ni nini, basi nieleze. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa katikati, ina jina lako, namba yako ya ushirika na vyumba kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi. Kando ya miezi kuna mistari: fungu la kumi, ujenzi, mavuno, mfuko wa kusaidiana. Ukitoa, mweka hazina anaandika kiasi na kutia sahihi. Mwaka ukiisha unapewa kadi nyingine ya rangi tofauti. Mama anazo zake zote kwenye mkebe wa biskuti, kijani, manjano, buluu, zimefungwa kwa mpira, na hakuna chumba hata kimoja kilicho wazi. Kadi ya baba ilikuwa na Januari na Februari ya mwaka mmoja wa zamani. Basi.

Mzee wa kanisa alikuja nyumbani Jericho usiku wa pili wa matanga. Aliketi pembeni ya kochi, akakataa chai, kisha akaikubali. Nikaona anaona haya, kwa hivyo nilijua anachotaka kusema kabla hajakisema.

"Mwanangu, si mimi," alisema. "Lakini nikimzika huyu hivi hivi, kesho nitawaambia nini wale wengine?"

Nilitoka nje, nikasimama karibu na kamba ya kuanikia nguo, nikalipa kwa simu. Ujumbe wa kuthibitisha ulifika kabla sijairudisha simu mfukoni. Alhamisi tulikuwa makaburini Lang'ata, na mchungaji akahubiri juu ya neema. Alihubiri vizuri, sitasema uongo. Alisema wokovu haununuliwi. Watu wakasema amina, nami nikasema amina, risiti ikiwa kwenye simu yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza nilinunua nini.

Jibu rahisi ni kwamba mzee yule ni Farisayo na kanisa lake ni duka. Nimewasikia vijana wa rika langu wakisema hivyo kuhusu makanisa yote, na kuna siku nami nilisema. Lakini si kweli, au si kweli yote. Yule mzee alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Na swali lake lilikuwa swali la haki. Ule mfuko wa kusaidiana ndio uliomzika jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama mjane ambaye watoto wake hawakuwa na hata pesa ya mochari. Ulijazwa na watu wanaouza mboga na kushona viatu, shilingi hamsini hamsini. Kama mtu anaweza kukaa miaka ishirini bila kutoa kitu na bado azikwe sawa na wao, nani atatoa mwezi ujao?

Hiyo ni akili ya chama. Na huku kwetu hakuna kitu kinachoaminiwa kuliko chama. Serikali huja na kwenda, mwajiri anafunga kiwanda, lakini chama cha akina mama wa ploti kinakutana Jumapili saa tisa na daftari liko mezani. Ukilipa, unapewa zamu yako. Usipolipa, hupewi, na usipohudhuria unapigwa faini. Ni chama kilichotusomesha. Ni chama kilichonunua matangi ya maji. Mtoto wa Eastlands hujifunza haki kutoka kwenye daftari la chama kabla hajaisikia mahali pengine popote.

Kwa hivyo tunapoingia kanisani tunaingia na daftari hilo kichwani. Nafikiri hapa ndipo mambo yanapoanza kuchanganyika. Kadi moja inabeba hesabu mbili. Ya kwanza ni ya kusaidiana, na hiyo lazima ilipwe, hakuna ubaya. Ya pili ni ile ya mtu na Mungu wake, na ile Paulo alishawaambia Waefeso kwamba ni zawadi, hakuna atakayepata nafasi ya kujipiga kifua. Lakini kwa kuwa karatasi ni moja na sahihi ni moja, baada ya miaka kadhaa mtu hawezi tena kujua alikuwa analipia ipi. Mama hajui. Nimemuuliza.

Lugha yenyewe inatuchezea hapa. Mtaani tunasema nimeokoka. Tazama kitenzi hicho. Ni kama kusema kikombe kimevunjika: hakuna anayetajwa, kimevunjika tu. Kwenye Waefeso watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walichagua kuokolewa, na neno hilo lina aliyefanya kazi hata kama hajatajwa, maana huwezi kuokolewa bila mtu wa kukuokoa. Sisi tumependa lile jingine. Wakikuyu nao waliwaita watu wa ufufuo Ahonoki, kutoka kuhonoka, kitenzi chenye umbo lile lile. Sisemi ni kosa la sarufi, wala sisemi kila anayesema nimeokoka amejitukuza. Nasema tu kwamba neno linaacha kiti kimoja wazi, na sisi ni wepesi wa kukikalia. Sikiliza ushuhuda wowote Jumapili: nimeokoka, nimeacha pombe, nimeacha sigara, nimeacha marafiki wabaya. Ukifika kwenye kuacha kwa nne, Yesu ameshatoka kwenye hadithi.

Anayestahili kutajwa sasa ni Shosho. Hakuwa nyanya yangu. Mtaa mzima ulimwita Shosho. Aliishi Makongeni, mabati ya nyumba yake yalivuja miaka yote niliyomjua, na alikuwa mmoja wa wandugu wa ufufuo wa zile siku za mwanzo. Wasomaji wadogo hawajui hawa walikuwa nani. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, Joe Church, alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, wamechoka na Ukristo wao. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba, na kutoka hapo na Gahini ukawaka moto ambao ulifika Kenya mwaka 1937. Wamishenari wengi hawakuufurahia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 waliosomea uchungaji katika chuo cha Mukono walifukuzwa kwa sababu ya ufufuo huo, William Nagenda akiwa mmoja wao. Kosa lao, ukilichuja, ni kwamba waliwaambia watu waliobatizwa, wanaolipa ada za kanisa na kuimba kwaya, kwamba hayo yote hayawaokoi.

Wandugu hawa walikutana kila wiki na kusema dhambi zao mbele ya wenzao, kwa majina. Waliita kutembea nuruni. Kisha wakaimba Tukutendereza, kwa Kiganda, hata Mkamba na Mjaluo ambao Kiganda hawakijui. Wakati wa vita vya Mau Mau wengi wao walikataa kiapo, wakisema damu moja inawatosha, na wakakataa pia bunduki za serikali. Wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Shosho hakupenda kuongea habari za miaka hiyo. Alichopenda kuongea ni deni. "Limelipwa," angesema, akipangusa mikono kwenye leso. "Sasa wewe unatoa pesa ya nini?"

Nilimpenda kwa hilo. Lakini sitamgeuza malaika. Shosho huyo huyo alimfukuza mjukuu wake ibadani kwa sababu ya hereni. Wandugu, baada ya muda, walikuwa na orodha yao wenyewe: vazi gani, nywele gani, nani anatembea nuruni na nani amepoa. Kule Uganda kulitokea kundi ndani ya ufufuo lililotaka walioamka waamke tena, na kati ya waliyoyakataza ilikuwa ni kukopa. Nimelifikiria hili sana. Watu walioanza kwa kutangaza kwamba deni limelipwa wakaishia kumhukumu mwenzao kwa deni la duka. Inaonekana daftari halichomeki. Ukilitupa mlangoni linaingia kwa dirisha.

Wala si letu peke yetu. Mwaka 1517, Johann Tetzel alizunguka Ujerumani akiuza vyeti vya kupunguza adhabu ya dhambi, na pesa ikaenda, sehemu yake, kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Watu waliwanunulia hata wafu wao. Martin Luther akaandika hoja zake 95 kupinga, na ulimwengu wa Kikristo ukagawanyika. Shuleni nilijifunza hayo kama habari za Wazungu wajinga wa zamani. Kisha nikasimama karibu na kamba ya nguo Jericho nikamnunulia baba yangu mfu nafasi, miaka mia tano baadaye, kwa paybill. Na kanisa letu ni la Kiprotestanti.

Ninaye rafiki Majengo, fundi wa cherehani, mzee wa Kiislamu anayenishonea suruali. Nilimweleza kisa hiki chote nikisubiri pindo. Akaniambia kwao pia mtu anahesabu swala zake, anahesabu saumu, lakini Mtume Muhammad aliwaonya masahaba kwamba hakuna ambaye amali zake peke yake zitamwingiza peponi, na alipoulizwa kama na yeye yumo, akasema yumo, ila Mungu amfunike kwa rehema. "Sasa kama ni hivyo kwake," fundi akasema, "mimi na wewe?" Akakata uzi kwa meno. Sikuwa nimetarajia kusomewa neema kwenye kibanda cha cherehani Majengo.

Lakini kuna upande wa pili, na nisipousema nitakuwa nimeandika tangazo.

Chama cha mama kiliwahi kuwa na mweka hazina mwanamume, kijana wa kwaya, mpole. Siku moja alitoweka na pesa ya zamu ya Desemba. Akarudi baada ya miezi saba, amenyoa, ana Biblia ya zipu. Alisimama mbele ya wale kina mama akasema ameokoka, ya kale yamepita, anaomba msamaha. Mmoja akauliza pesa atalipa lini. Akajibu kwa sauti ya upole kabisa: "Mungu amesahau, kwa nini nyinyi mnakumbuka?"

Yule mama mboga anayeuza pale kwenye kona, ambaye zamu ya Desemba ilikuwa yake, akamwambia: "Mungu hakuwa memba wa hiyo chama."

Tulicheka mwaka mzima. Lakini nadhani mama mboga alisema jambo ambalo wahubiri wengi wa neema hawalisemi. Neema ya yule kijana ilimgharimu mtu mwingine. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Ujerumani ambaye utawala wa Hitler ulimnyonga mwaka 1945, aliandika juu ya neema ya bei rahisi, ile mtu anayojipa mwenyewe. Yakobo naye katika waraka wake anasema imani isiyo na matendo ni maiti, jambo lililomkera Luther hadi akaufananisha waraka huo na majani makavu. Mimi nikiwa mtoto wa chama niko upande wa Yakobo siku nyingi kuliko nyingine.

Ila kuna Zakayo, ambaye, watu wa mtaa wangu hawachoki kukumbusha, alikuwa mtu wa Jericho. Mweka hazina mwizi. Yesu anapita, anamwona juu ya mti, anajialika kwake. Hamwambii rudisha kwanza ndipo nije. Anaingia na kula, watu wakinung'unika nje, na ni baada ya hapo Zakayo anasimama na kusema atarudisha mara nne. Ukigeuza mpangilio huo, hadithi inakufa. Akilipa kwanza, ni chama. Asipolipa kabisa, ni yule kijana wa kwaya na Biblia yake ya zipu. Sijui kanuni inayoweza kuhakikisha mtu analipa bila kumtoza mlangoni. Nafikiri haipo, na ndiyo maana makanisa yanachapisha kadi.

Sasa nirudi kwa baba, maana sijasema kilicho kigumu.

Baba alikuwa mlevi. Alikuwa pia mtu wa mizaha na fundi mzuri wa welding, lakini kwa miaka mingi alikuwa mlevi, na pesa yake ilibaki Shauri Moyo kabla haijafika Jericho. Mama alifunga na kuomba kwa ajili yake. Alikesha Ijumaa. Alitoa fungu la kumi la mshahara wake na, wakati fulani, la wake baba pia, kwa kukisia. Baba alipougua ini na kulala kitandani, Shosho alikuja kumwona jioni moja ya Ijumaa. Mama alikuwa keshani. Mimi nilikuwa jikoni nikichemsha uji. Nilisikia Shosho akimuuliza jambo, nikasikia baba akilia, kitu ambacho sikuwahi kusikia, kisha wakaomba, maneno machache tu. Mama alirudi alfajiri akakuta mume wake ameokolewa bila yeye.

Aliishi siku tisa zaidi.

Baada ya mazishi, wageni wote wakiwa wameondoka, mama aliniambia: "Mimi miaka 31. Yeye siku tisa. Na tunaingia mlango mmoja." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakunja viti vya kukodi. "Kama ni bure, nilikuwa nalipa nini?"

Nilijaribu kumjibu kwa mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu. Bwana anaajiri wengine alfajiri na wengine saa kumi na moja, na jioni anawalipa sawa. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa saa hiyo. Saa kumi na moja ya Biblia ni saa kumi na moja yetu, jua linaelekea kuzama. Na sisi wa huku tunaujua mfano huo kwa miguu. Nenda Industrial Area saa kumi na mbili asubuhi uone wanaume wamejipanga kwenye mageti. Wengine huchaguliwa mapema. Wengine wanasimama hadi jua linageuka, hawaondoki, kwa sababu ukiondoka huenda geti likafunguka. Baba alisimama kwenye mageti hayo. Nilimwambia mama kwamba yule wa saa kumi na moja hakuwa ameshinda kivulini. Kusimama siku nzima bila kuchaguliwa ni kazi ngumu pia, haina tu mshahara. Miaka ya baba nje haikuwa likizo.

Mama akaweka kiti chini. "Na akiwa huko amesimama," akasema, "nani alikuwa anawapa chakula?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nimesoma vitabu vinavyosema kazi ya mama ilikuwa shukrani na si malipo, kwamba mwenye kuijua neema hahesabu. Ni rahisi kuyasema hayo kama hukuwa wewe uliyekuwa unauza mandazi saa kumi usiku ili kadi isibaki wazi. Yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu huwa tunamhubiri vibaya. Alikuwa na haki. Daftari lake lilikuwa sahihi, kila mstari. Baba yake hambishii hesabu hata mara moja. Anatoka tu nje, usiku, kumsihi aingie, na Luka hatuambii kama aliingia. Neema inawafurahisha waliochelewa. Waliofika mapema inawadai kitu ambacho hakimo kwenye kadi: wafurahi kwa ajili ya mtu aliyewagharimu. Hilo ndilo tendo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya mama, na hakuna mweka hazina wa kulitilia sahihi.

Sikuwahi kumwambia habari ya zile 6,300. Nilidhani ingemuumiza, kwamba hata mlango wa bure ulilipiwa. Aligundua mwenyewe mwezi uliopita.

Nilikuwa nimeenda ofisini kwa kanisa kumlipia kadi yake, maana miguu yake siku hizi inavimba. Mweka hazina mpya, msichana mchangamfu wa kompyuta, akaandika Juni na Julai. Kisha akatazama skrini akaniuliza kama nitalipa na ya mzee. Ya mzee gani? Akanigeuzia skrini. Jina la baba lilikuwa bado pale. Hakuna aliyelifunga. Mfumo ulionyesha alilipa 6,300 siku fulani, na tangu siku hiyo hajatoa kitu. Malimbikizo yalikuwa yanaongezeka kila mwezi.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yote, tangu ile ya usiku wa matanga. Alinyamaza muda mrefu. Nikaanza kusema nitarudi Jumatatu niwaambie walifute jina.

"Acha," akasema. Alikuwa ameshika kadi yake akiangalia sahihi ya Julai. Kisha akaanza kucheka, ule ucheko wake wa tumboni ambao sikuwa nimeusikia tangu baba alale kitandani. "Acha waandike. Wakichoka, waambie waende wakamdai huko aliko."